Mlio wa Kukosea

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza daftari hili kwa sababu leo nimepewa kazi na sikuweza kusema ndiyo wala hapana. Nilitikisa kichwa tu, na hata mimi sijui kilitikisika kuelekea upande gani. Kamanda aliandika kwamba nimekubali.

Kamanda yuko kidato cha nne, na ndiye kiongozi wa klabu ya kompyuta. Klabu inatengeneza gemu la hisabati kwa ajili ya Kidato cha Kwanza D. Linaitwa Ngazi Mia. Mchezaji ni mtu mdogo mwenye begi mgongoni anayepanda ngazi za jengo refu. Akijibu swali sawasawa, anapanda ngazi mbili. Akikosea, anateremka moja. Asipolitaka swali, anabonyeza RUKA, anapewa jingine na kubaki palepale. Kamanda anaandika programu. Rangi, rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, anachora. Maswali yanatungwa na mwalimu wa hisabati, ambaye shule nzima inamwita Pembetatu, mradi hayupo karibu. Sauti zimebaki bila mwenyewe.

"Apewe Maktaba," Kamanda alisema. Maktaba ni mimi, kwa sababu ya vitabu na kwa sababu ya ukimya. "Mtu asiyeongea lazima anasikia."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuchelewa kidogo, kama kawaida yangu.

Jumatano, 6 Machi

Nimerekodi viatu vyangu kwenye ngazi za maabara kwa simu ya Mama. Mara kumi na nne. Mlinzi aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Kidato cha Kwanza D ni mkondo wa wale walioingia na alama za chini za hisabati. Kipindi cha mwisho, wenzao wanapokwenda kwenye klabu, wao wanaletwa chumba cha kompyuta kila Jumatano na Ijumaa kufanya mazoezi. Wako ishirini. Leo wamecheza Ngazi Mia ikiwa na hatua zangu.

Nataka kukumbuka hili vizuri. Jumatano walicheza bila sauti, na walibonyeza vitufe kama watu wanaojaza fomu ya hospitali. Leo mtu wetu alipoanza kupanda, ta, ta, ta, viatu juu ya saruji, migongo ilinyooka. Kuna msichana mmoja mdogo sana, wanamwita Nukta, miguu yake haifiki sakafuni akikaa. Miguu ile ilianza kupiga hewa chini ya kiti kwa mwendo wa mlio wangu.

Halafu nikajaribu jambo. Kwenye kompyuta moja nilichelewesha mlio wa hatua kidogo tu, kiasi ambacho huwezi kukihesabu. Mvulana aliyekuwa anacheza akasema, "Huyu wangu amechoka." Picha ilikuwa ileile, na mwendo uleule. Sauti peke yake ndiyo iliyomchosha.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu kidogo. Sikujua kwamba mtu anaweza kuingia ndani ya mtu mwingine kwa mlango mdogo namna hiyo.

Jumatatu, 11 Machi

Makamu mkuu wa shule alikuja klabuni. Tunamwita Makamu tu, kana kwamba alizaliwa na cheo hicho. Wengi wanamwogopa. Mimi simwogopi sana, kwa sababu huniazima riwaya kutoka kabati lake mwenyewe, na nikirudisha hunisaili maswali mawili matatu kuhakikisha sikuruka kurasa.

Alisikiliza hatua zangu akiwa amefumba macho. "Nani kafanya hivi?"

Rangi alinisukuma kwa kiwiko mpaka nikasogea mbele.

"Vizuri," Makamu alisema. Neno moja lile lingenitosha mwezi mzima. Kisha akauliza, "Na akikosea?"

"Anateremka, Mwalimu," Kamanda alijibu.

"Kimyakimya?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi hajui kama amekosea. Kosa lisilosikika halimuumi mtu, na lisipomuuma atalirudia. Wekeni mlio. Tena mlio ambao hatausahau."

Kamanda aliutengeneza siku hiyohiyo bila kuniuliza. Amechukua honi ya lori, akaichanganya na kiti cha chuma kinachoburutwa sakafuni. Anaiita Honi. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidondosha kalamu.

Jumatano, 13 Machi

Honi imeanza kazi.

Kila kompyuta ina spika yake, na chumba si kikubwa. Nukta alikosea swali la tatu. MBAAA. Vichwa kumi na tisa viligeuka kwa pamoja. Mvulana wa nyuma, ambaye kila darasa lina wa kwake, akasimama na kunyoosha mikono kama askari wa barabarani: "Lori linapita! Kaeni pembeni jamani, lori halina breki!"

Walicheka mpaka machozi. Nukta naye alicheka. Ninakijua kicheko kile. Ni cha kujifunika.

Alipokosea mara ya pili hakucheka. Baada ya hapo alibonyeza RUKA. Akaendelea kuruka, kuruka, kuruka, akitafuta swali ambalo lisingeweza kumsaliti. Kengele ilipolia alikuwa ngazi ya tatu. Yule mvulana wa lori naye alikuwa ngazi ya tano, na kidole chake kilikuwa kwenye RUKA muda wote, ila hakuna aliyekuwa anamtazama.

Nilipokuwa kidato cha kwanza niliitwa ubaoni nikaweka nukta ya desimali mahali pasipo pake. Darasa zima liliguna kwa pamoja. Mwalimu hakusema kitu kibaya, hata jina lake nimelisahau. Lakini ule mguno naweza kuurudia hapa kama ulivyokuwa. Tangu siku ile nikijua jibu nalisema moyoni.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua imeanza, na imeanza kwa hasira. Chumba cha kompyuta kimeezekwa mabati na hakina dari, kwa hiyo mvua ikishika kasi ni kama mtu anamwaga kokoto juu ya kichwa chako. Hakuna kilichosikika leo. Pembetatu alijaribu kutoa maelekezo, akaona anatafuna hewa, akakaa kusahihisha daftari.

Nilinuna. Nilikuwa nimerekodi upepo kwa ajili ya ngazi za juu, na siku yake ya kwanza upepo wangu umemezwa na upepo wa kweli. Kwa kuwa sikuwa na la kusikiliza, nikatazama.

Nukta alikosea. Mtu wake akateremka ngazi moja. Yeye akakunja uso, midomo ikahesabu kitu, akajibu tena. Akapanda. Akakosea. Akashuka. Akapanda. Hakuna kichwa kilichogeuka. Yule wa lori hakuwa na la kutangaza, kwa hiyo alikuwa amejiinamia akifanya hesabu kwenye kiganja kwa kalamu. Nilizunguka chumba chote. Ishirini wote walikuwa wanakosea na kuendelea, wanakosea na kuendelea, kama watu wanaosukuma gari lililokwama na hawana muda wa kuona aibu.

Dakika kumi kabla ya kengele mvua ilikatika ghafla, kama bomba lililofungwa. Wakati huohuo Honi ikatoka kwenye kompyuta sita kwa mpigo.

Niliona mikono ikiondoka kwenye vitufe. Naapa niliiona. Kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Halafu RUKA, RUKA, RUKA, mpaka mwisho wa kipindi.

Walipoondoka nilimwomba Kamanda anifungulie kumbukumbu. Kompyuta inaandika kila kitu: nani kajibu nini, dakika ya ngapi. Tulikaa nazo hadi mlinzi akaja na funguo. Wakati wa mvua, Nukta alifika ngazi ya kumi na tisa.

"Huenda maswali yalikuwa rahisi," Kamanda alisema.

"Yalikuwa yaleyale." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote niliyowahi kumwambia kwa kumpinga.

Jumamosi, 16 Machi

Chumba chetu cha mbele ndicho karakana ya Mama. Mama ni fundi cherehani, na siku ya Jumamosi wateja hukaa mpaka kwenye ndoo iliyopinduliwa. Leo mmoja alikuwa analalamika kwamba gauni lake limepungua. "Gauni liko palepale nilipoliacha, dada yangu," Mama alimwambia. "Tukutafute wewe umefika wapi." Wote walicheka, na mwenye gauni ndiye aliyecheka zaidi.

Nilikuwa pembeni nasoma, huku kichwani natafuta mlio wa kuweka mahali pa Honi. Nilikuwa nimejaribu kijiko, bawaba ya mlango, chaki ikikatika. Zote zilisema jambo lilelile: umeharibu.

Mama akainua koti alilokuwa analishona, akalitazama, akasema, "Aa. Nimekosea." Alisema kama mtu anayesema kwamba kumekucha. Akachukua wembe. Prp, prp, prp, nyuzi zikakatika moja moja, kisha akashika pande mbili za kitambaa na kuvuta. Trrrp. Mshono wote ukafunguka.

Mlio ule nimeusikia tangu nikiwa tumboni, nadhani. Leo ndipo nimeusikia.

"Mama, ni mara ya ngapi unalifumua hilo?"

"Ya tatu. Bega lake lina kiburi."

"Hukasiriki?"

"Nikasirike na nani? Kitambaa kizima, uzi upo, mikono ninayo." Alikuwa tayari anapachika upya.

Nilimwomba afumue tena ili nirekodi. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyepandwa na homa, lakini akanipa kipande kibovu na wembe, akawaambia wateja, "Jamani, tunyamaze, mwanangu anafanya mtihani wa vitambaa." Wakanyamaza kweli. Nilifumua mara ishirini na mbili. Nilikata kidole kimoja.

Jumapili, 17 Machi

Siku nzima kwenye mlio mmoja. Honi inaishia chini, inaanguka na kujaa, kama mlango unaofungwa. Wangu nimeuacha uishie juu kidogo, pale kitambaa kinapoachana, na baada yake nimeweka nafasi ndogo ya kimya. Sikio linabaki linangoja. Nadhani mkono nao utangoja.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Viatu havijakauka tangu Ijumaa.

Jumanne, 19 Machi

Nilimwendea Pembetatu. Rangi aliongea, mimi nilisimama nyuma yake nikiwa na simu ya Mama kama ushahidi. Pembetatu alisikiliza mlio, akakuna shingo. Ni mtu mwema, ila wema wake una miguu dhaifu.

"Jaribuni kesho na Ijumaa," alisema. Kisha akaongeza haraka, "Lakini mimi sijui lolote. Mmesikia? Nilikuwa nasahihisha daftari."

Jumatano, 20 Machi

Hakuna mvua leo. Niliomba isinyeshe, ili asiwepo wa kusema ni mvua.

Mlio wa kwanza ulitoka kwenye kompyuta ya Nukta. Trrrp. Wawili waliokuwa karibu naye walitazama, wakaona hakuna cha kuona, wakarudi kwenye hesabu zao. Yule wa lori aliinuka nusu, mikono tayari hewani, akakosa la kutangaza. Alikaa. Baada ya muda nilimsikia akijiambia kwa sauti ya chini, "Twende tena, mzee."

Rangi anasema nilikuwa nimesimama katikati ya chumba nikitabasamu kama mgonjwa aliyepona.

Ijumaa, 22 Machi

Tumehesabu. Hizi ni namba za kipindi kimoja cha Honi, siku kavu, na kipindi kimoja cha mlio wangu, siku kavu vilevile.

Kwa Honi: walijibu maswali 312, sahihi 251. RUKA mara 188.

Kwa mlio wangu: walijibu 640, sahihi 390. RUKA mara 31.

Nimezipiga mstari kwa rula. Jumatatu tunampelekea Makamu. Sina wasiwasi hata kidogo, jambo ambalo si kawaida yangu.

Jumatatu, 25 Machi

Nilipaswa kuwa na wasiwasi.

Makamu alivaa miwani, akasoma karatasi, akatoa kalamu na kufanya mgawanyo pembeni. "Kwa mlio wa kwanza, wamepata asilimia themanini. Kwa wako, sitini na moja." Aligeuza karatasi ili tuione. "Kwa mlio wako wanakosea zaidi, binti."

Nilifungua mdomo.

"Siku ya kufunga muhula wazazi watakuwa hapa, na asilimia zitabandikwa ukutani. Unataka mzazi aje asome sitini na moja wakati tungeweza kumwonyesha themanini?" Hakuwa anafoka. Hilo ndilo lililoniua. Alikuwa ananielekeza, kama anaponieleza kwa nini sura fulani ya riwaya ni dhaifu. "Una masikio mazuri. Lakini umewabembeleza. Mtihani hautawabembeleza. Rudisheni ule wa kwanza."

Kamanda alisema, "Sawa, Mwalimu," kabla sentensi haijaisha. Pembetatu alikuwepo. Alikuwa anachunguza kipande cha chaki kana kwamba amekiokota mwezini.

Na mimi? Nilifunga mdomo.

Njiani Rangi alisema, "Ungemwambia."

"Nimwambie nini?"

"Sijui. Wewe ndiye Maktaba."

Jumanne, 26 Machi

Nilichopaswa kumwambia: 390 ni nyingi kuliko 251. Wakiogopa, wanajibu yale wanayoyajua tayari na kuyakimbia mengine. Asilimia themanini ni ya watu waliosimama mahali pamoja. Ndiyo, wanakosea zaidi. Hilo ndilo nililolitaka.

Limenijia saa kumi na tisa baadaye, nikiwa nafua soksi.

Jumatano, 27 Machi

Honi imerudi. Nukta alikuja hadi nilipokuwa nimesimama.

"Dada, ule mlio mwingine uko wapi?"

"Umeondolewa."

"Na nani?"

"Na wakubwa."

Alinipima kuanzia viatu hadi kichwani. "Kwani wewe si mkubwa?"

Alirudi kwenye kiti chake. Hakuwa ananitania. Ngazi ya nne, RUKA mara kumi na moja.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua imekata barabara ya chini. Walimu watatu hawakufika. Tumesoma jiografia ya mito huku mto wenyewe unapita uani.

Jumatano, 3 Aprili

Nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Makamu aliwaleta walimu wote kwenye chumba cha kompyuta baada ya masomo, waone gemu kabla ya wazazi. Walimu kumi na wawili, sisi watatu, na Honi. Akawaambia wajaribu wenyewe. Mwalimu wa historia alikaa wa kwanza, akijinyoosha vidole kama mpiga kinanda. Swali la pili, MBAAA. Walimu wenzake waliangua kicheko. "Mwalimu, hiyo ni tarehe au ni hesabu?" mmoja alimuuliza. Yeye naye alicheka, akabonyeza RUKA. Akabonyeza tena. Akainuka akisema amesahau miwani, na miwani ilikuwa usoni.

Mwalimu wa baiolojia: Honi moja, RUKA nne, akainuka.

Wakamsukuma Pembetatu. "Haya, mwenye mali!" Alikaa, akajibu manne vizuri. Likaja la tano, swali la sehemu lenye mtego, na mimi nilikuwa namtazama uso. Alilitunga mwenyewe, mwandiko wake ninao kwenye daftari. Kidole chake kilizunguka juu ya majibu. Wenzake kumi na mmoja walikuwa nyuma yake wameshikilia pumzi, wakingoja Honi imlilie mwalimu wa hisabati.

Alibonyeza RUKA.

Hakuna aliyecheka. Sidhani kama walielewa alichokifanya, ila mimi nilielewa, na yeye aliona kwamba nimeelewa.

Kisha Makamu alikaa. Lazima niwe mkweli kuhusu Makamu. Yeye hakuruka hata swali moja. Alikosea, MBAAA, akajibu jingine. Alikosea, MBAAA, shingo haikutikisika. Alifanya maswali kumi na tano, akakosea sita, na Honi ilimpigia mara sita mbele ya watu anaowaongoza. Akasimama, akanyoosha sketi.

"Mnaona? Mtu hafi. Mimi nilifundishwa hisabati nikiwa nimepiga magoti kwenye changarawe, na nipo hapa."

Nikasikia mtu anasema, "Mwalimu amezoea."

Mtu huyo alikuwa mimi.

Chumba kiligeuka. Vichwa vyote, kama vile vya Kidato cha Kwanza D. Nilihisi masikio yanawaka. Makamu alisema, "Nini?" na kwa sekunde moja kulikuwa na kitufe cha RUKA mbele yangu, kikubwa kama mlango. Ningesema "Hakuna, Mwalimu," na mambo yangeisha.

"Mwalimu amezoea kuumizwa anapokosea, ndiyo maana ameendelea. Ni mmoja tu kati ya wote walioketi hapo. Wengine wameruka." Sauti yangu ilikuwa nyembamba lakini haikukatika. "Themanini ile ni ya watu wanaojibu wanachokijua. Kwa mlio wangu wamepata sahihi mia tatu na tisini. Kwa Honi, mia mbili hamsini na moja. Ndiyo, wanakosea zaidi. Wanakosea maswali ambayo kwa Honi wasingeyagusa. Sikuwabembeleza, Mwalimu. Mlio wangu unawaambia wamekosea. Ila hauwaiti watu waje kutazama."

Mwalimu wa historia alikohoa. Pembetatu alikuwa anaitazama sakafu.

"Umemaliza?" Makamu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Honi inabaki."

Wakaondoka. Nilivuta waya wa simu ya Mama kwa upande usio wake, ukakwama. Rangi alinichomolea. 

Alhamisi, 4 Aprili

Ajabu ni kwamba nilivyomwona akivumilia zile Honi sita, nilimheshimu zaidi kuliko siku zote alizoniazima vitabu. Na bado amekosea. Sikujua mambo haya mawili yanaweza kukaa kwenye mtu mmoja.

Ijumaa, 5 Aprili

Mlio wa kukosea ni faili moja tu. Ukiondoa faili na kuweka nyingine kwa jina lilelile, gemu halijui tofauti. Kinachohitajika ni nenosiri, na nenosiri analo Kamanda, yule wa "Sawa, Mwalimu."

Nilimkuta mapumziko. "Naomba nenosiri."

"La nini?"

"Unajua la nini. Nitasema ni mimi. Sitajificha."

 Nilijiandaa kusikia hapana. Akachukua kalamu yangu na kuandika herufi nane mgongoni mwa mkono wangu. "Kaka yangu alikuwa Kidato cha Kwanza D," alisema. "Aliacha shule." 

Nilibadilisha faili kwenye kompyuta zote ishirini. Kisha nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Makamu, kabla miguu haijapata muda wa kufikiri.

"Mwalimu, nimerudisha mlio wangu. Nimefanya mimi."

Aliweka kalamu chini. "Baada ya mimi kusema Honi inabaki."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nani alikupa nenosiri?"

Niliuingiza mfukoni mkono wenye zile herufi. Mlango ulikuwa wazi, na sauti ikatoka nyuma yangu: "Nilimpa mimi, Mwalimu." Kamanda. Alikuwa amenifuata.

Adhabu: Kamanda amevuliwa uongozi kwa muhula mmoja. Mimi nimekatazwa kuingia chumba cha kompyuta, na niandike barua ya kuomba radhi ndani ya wiki moja. Nisipoiandika, klabu siirudii tena.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimemwambia Mama. Aliuliza, "Umemtukana mwalimu?"

"Hapana."

"Umeiba?"

"Hapana. Nimekataa."

Alipachika pini mbili kabla ya kujibu. "Basi kula kwanza." Baadaye, akiwa hanitazami: "Na uwe tayari kukikosa chumba hicho, mwanangu. Usikatae halafu ukaanza kulia."

Jumatano, 10 Aprili

Rangi ameleta habari. Makamu alimwambia Pembetatu arudishe Honi kabla ya kipindi cha leo. Pembetatu akasema kipindi ni chake, wanafunzi ni wake, na mlio uliopo unamfaa. Alisema huku anaitazama chaki, lakini alisema. Na kuhusu asilimia za ukutani, alimwambia Makamu, "Andika sitini na moja. Nitawaeleza wazazi mwenyewe."

 Makamu hakumzuia.

Nimeanza barua mara nne. Sentensi ya kwanza inakuja vizuri: "Ninaomba radhi kwa." Ya kwa nini, haiji. Najua kuandika. Ningeweza kuandika barua ambayo ingemfurahisha kabisa. Nimeichana.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo ndio mwisho wa wiki niliyopewa.

Kipindi cha mwisho nilienda kukaa kwenye benchi la kibarazani, nje ya chumba cha kompyuta. Mvua ilikuwa imeacha, madirisha yako wazi. Kidato cha Kwanza D walikuwa ndani. Hatua zangu zilikuwa zinapanda, jozi ishirini za viatu vyangu. Upepo ulikuwa unasikika, maana yake kuna waliofika juu. Na kila baada ya muda mfupi: trrrp. Kona ile, trrrp. Dirishani, trrrp, trrrp. Yule wa lori alisema, "Aa, kumbe ni chini ya sita!" na hakuna aliyemjali.

Makamu alikuja kutoka upande wa ofisi. Nilisimama. Alifika, akasimama karibu nami, na kwa muda alisikiliza bila kufumba macho.

"Wanakosea," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Nukta yuko ngazi ya arobaini na moja."

"Umejuaje, na uko nje?"

"Ana mwendo wake. Akikosea anahesabu mpaka nne kisha anajibu."

 Ndani kulilia mlio mwingine, kisha tukasubiri, na mimi na yeye, mpaka hatua zikaanza tena.

"Barua yangu?"

"Sijaiandika, Mwalimu."

"Leo ni Ijumaa."

"Najua. Sitaiandika." Nilimtazama usoni. "Ninaweza kuomba radhi kwa kutokutii. Lakini Mwalimu atadhani ninaomba radhi kwa mlio."

"Hutaingia humo tena. Si muhula ujao, si mwaka ujao. Unaelewa?"

"Ninaelewa, Mwalimu."

Alinitazama kana kwamba anatafuta kwangu ukurasa nilioruka. Kisha akaendelea na safari yake, viatu vyake vikipiga saruji, vizito, bila haraka.

Nilikaa tena. Nilibaki pale kibarazani mpaka kengele ilipolia, kwa sababu kibarazani hakuna aliyenikataza.